Nyumba Bila Ardhi Mtandaoni

Wakaazi wa Mombasa wanaifahamu vyema nyumba bila ardhi. Mtu huijenga nyumba kwa jasho lake, kuta na paa vikawa mali yake, lakini kiwanja ni cha mwingine, naye humlipa mwenye ardhi kodi. Siku mwenye ardhi akibadili nia, mwenye nyumba hubakiwa na mabati na mbao. Tumeitaja desturi hii kwa sababu biashara nyingi ambazo mama zetu na dada zetu wanaziendesha mtandaoni zimejengwa vivyo hivyo, na yaliyowafika waliotangulia yana mazingatio.

Mwaka 1994 ilianzishwa Marekani kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la GeoCities. Iliwapa watu nafasi ya kuweka kurasa zao bila malipo, ikazipanga kwa mitaa kana kwamba ni mji. Watu wakaandika habari za familia, mapishi na matangazo ya bidhaa zao. Mwaka 1999 Yahoo iliinunua kwa zaidi ya dola bilioni 3. Kurasa hazikuwa zikilipiwa na wenyewe, na uamuzi haukuwa wao. Oktoba 2009 mji huo ulifungwa, isipokuwa upande wa Japani. Waliowahi kuhamisha kazi zao walinusurika. Wengi wengine walipoteza kazi ya miaka, ila zile kurasa zilizookolewa na watu wa kujitolea.

MySpace nayo ilianza mwaka 2003, ikapendwa mno na wanamuziki kabla ya Facebook kuipita. Mwaka 2019 ilikiri kwamba picha na nyimbo zilizowekwa humo kabla ya mwaka 2016 zilipotea wakati wa kuhamisha mitambo. Hapakuwa na uadui wala wizi. Mwenye kiwanja alihama tu, na mizigo ya wapangaji ikapotea njiani.

Kwetu mlango wa biashara hii ulifunguka baadaye kidogo. M-Pesa ilianza Machi 2007, na mwaka 2009 nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari zilifika Mombasa. Kuanzia hapo ikawa wepesi zaidi kwa mama kuuza mabuibui, udi, viungo au halua akiwa nyumbani kwake, picha zikitangulia na malipo yakifuata kwa simu. Ni kheri kubwa, na hatumwambii yeyote aiache. Tunachouliza ni hiki: ukurasa ukifungwa usiku wa leo, mteja utampata wapi kesho?

Kwanza, weka daftari. Andika jina la mteja, nambari yake, alichonunua na anachodaiwa. Dini yetu imetuhimiza kuandika madeni, na daftari hili ndilo mali ambayo hakuna kampuni inayoweza kuifunga. Nambari za wateja ni amana, usizigawe.

Pili, picha za bidhaa na nakala za tangazo zihifadhiwe mahali pengine pia, si katika ukurasa peke yake.

Tatu, jua ufunguo uko kwa nani. Mara nyingi mpwa au kijana wa jirani ndiye aliyeufungua ukurasa kwa nambari yake ya simu. Kijana akisafiri au akipoteza laini, biashara ya mama huondoka naye. Nywila na nambari ya usajili ziwe za mwenye biashara.

Nne, biashara ikikua, nunua jina la kikoa linaloishia na .co.ke na ulilipie kila mwaka. Hata ukihamisha tovuti kwa kampuni nyingine, wateja watakufuata kwa anwani ile ile.

Nyumba bila ardhi zimelea vizazi vingi katika mji huu. Lakini mwenye busara huko hakosi kuwa na sanduku la stakabadhi zake karibu na mlango. Jumamosi hii mama na binti wakae pamoja na simu na daftari, waanze kunakili.