Masega ya Gari: Chanzo Kitafutwe Kabla ya Kuyang'oa

Gari litokalo Ifakara kwenda Mahenge hupita tambarare hadi Lupiro, kisha mbele huanza kupanda milima. Mlimani ndipo gari lenye masega yaliyoziba hujulikana: dereva hukanyaga mafuta, injini hunguruma, lakini gari halina nguvu. Mara nyingi uamuzi unaofuata gereji ni mmoja tu, nao ni kuyatoa masega na kuacha ganda tupu. Gari hupata nafuu kwa siku kadhaa, ilhali ugonjwa wenyewe umebaki ndani ya injini.

Masega ni kifaa kilichofungwa kwenye ekzosi, baada ya injini na kabla ya silensa. Ndani yake mna kauri yenye matundu madogo mithili ya masega ya nyuki, iliyopakwa madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo, gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu isiyo na rangi wala harufu, hugeuzwa kuwa kaboni dayoksaidi. Mvuke wa petroli ambayo haikuungua nao huunguzwa, na oksaidi za naitrojeni huvunjwa. Kazi hiyo huhitaji joto la nyuzi 300 za Selsiasi au zaidi.

Ni nadra masega kufa yenyewe. Kwa kawaida huuawa na hitilafu nyingine. Plagi au koili ikichoka, injini humisi, na petroli mbichi huingia katika ekzosi na kuungulia ndani ya masega. Joto huweza kupita nyuzi 1,000, kauri ikaanza kuyeyuka na matundu yakaziba. Injini inayokula oili, au inayovujisha maji ya rejeta ndani ya silinda, huacha utando juu ya madini hayo. Zamani risasi iliyochanganywa katika petroli nayo iliyaharibu, lakini petroli hiyo iliondolewa katika nchi za Kusini mwa Jangwa la Sahara kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006.

Mazingira ya Bonde la Kilombero huongeza sababu mbili. Jiwe au kingo ya kalvati ikigonga chini ya gari, kauri huvunjika. Aidha, gari lililotoka safari ndefu likiingia ghafla katika maji ya mafuriko wakati wa masika, masega yaliyo moto hupozwa kwa mshtuko na huweza kupasuka.

Uchunguzi mzuri huanza na hatua zisizo na gharama. Gari likiwa limepoa, masega hugongwa taratibu kwa nyundo ya mpira; yakitoa mlio wa vipande vinavyocheza, kauri imevunjika. Maungio ya ekzosi hukaguliwa kama yanavuja, kwa kuwa hewa inayoingia katika tundu huidanganya sensa ya oksijeni. Harufu ya mayai yaliyooza huashiria mara nyingi kwamba petroli inayoingia ni nyingi kupita kiasi.

Iwapo taa ya injini imewaka na kompyuta ikaonyesha namba P0420, maana yake ni kwamba ufanisi wa masega umeshuka chini ya kiwango. Namba hiyo haisemi nani kayaharibu. Katika magari yenye sensa mbili, fundi hulinganisha ya mbele na ya nyuma: ya mbele hupanda na kushuka haraka, na ya nyuma hutakiwa kutulia. Zikicheza sawasawa, na ekzosi haivuji, masega yamechoka.

Kuziba hupimwa kwa geji ya mvuto iliyounganishwa kwenye manifoldi ya kuingiza hewa. Injini hushikiliwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Mvuto ukiendelea kushuka pole pole badala ya kutulia, moshi hauna pa kutokea. Kabla ya kununua masega mengine, plagi, koili, nozeli na ulaji wa oili ni lazima vikaguliwe, la sivyo masega mapya yatafuata njia ya yale ya kwanza.

Kuyatoa na kuacha bomba tupu si tiba. Sumu iliyokuwa ikigeuzwa hutoka yote barabarani, penye wauza ndizi, bodaboda na watoto waendao shule. Na ekzosi ikitoboka chini ya gari, huingia hadi kwa abiria. Mwenye gari anayemwachia fundi masega ya zamani kama takataka ajue pia kwamba madini yaliyomo yana soko, hivyo ni haki yake kukabidhiwa kifaa chake.

Tahadhari ya mwisho inawahusu wanaofuata magunia ya mpunga mashambani baada ya mavuno. Masega ya gari linalomisi huwa moto kupita kawaida, na majani makavu ya mpunga yakigusa chini ya gari huweza kushika moto. Gari liegeshwe mahali palipofyekwa, na injini inayomisi itengenezwe kabla ya kuingizwa shambani. Plagi iliyobadilishwa kwa wakati huokoa masega, gari na mavuno ya jirani.