Flashi yenye virusi: okoa mafaili kwanza, kufomati kuje baadaye

Umepeleka flashi steshenari kuprinti kazi. Ukifika nyumbani na kuichomeka tena, unakuta kila folda imegeuka kuwa alama yenye mshale mdogo pembeni, au flashi nzima inaonekana tupu. Aliye karibu nawe anakushauri: "Ifomati tu, itapona." Ni kweli flashi itapona, lakini kilichokuwamo kitakwenda nayo.

Katika makala hii tunaeleza virusi vya namna hii hufanya nini, kwa nini mafaili yako kwa kawaida bado yapo, na hatua za kuyatoa kabla hujafuta chochote.

Kwa nini jambo hili linatuhusu Dodoma

Dodoma ni mji wa wanafunzi na wa ofisi. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na hapa pia kuna Chuo cha Mipango, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana na Chuo cha Elimu ya Biashara. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa, wizara nazo zimekuja. Karatasi zinazoprintiwa kila siku ni nyingi, na nyingi hufika kwenye printa kwa flashi.

Wilayani flashi ina kazi kubwa zaidi. Mwalimu wa Chemba au mtendaji wa kijiji kule Bahi hupanda gari akiwa na flashi mfukoni, aje mjini kuprinti mitihani ya majaribio au muhtasari wa kikao. Kwaya ikirekodi nyimbo, hutuletea redioni kwa flashi. Mwenye redio ndogo yenye tundu la flashi hujaziwa muziki kwenye kibanda cha sokoni. Kutuma faili kubwa kwa intaneti hula bando, flashi haili kitu.

Kwa hiyo flashi moja inaweza kupita kwenye kompyuta nne au tano kwa wiki, na kila kompyuta imepokea flashi za watu wengine wengi. Kirusi hakihitaji intaneti kusafiri, kinapanda basi na sisi.

Mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya usalama wa mtandao ya Mandiant walieleza kuhusu programu hasidi iitwayo Sogu, iliyoenezwa kwa flashi na kundi la wadukuzi wanalolihusisha na China. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika walizozitaja, pamoja na Kenya, Misri, Zimbabwe, Ghana na Madagascar. Watafiti hao walisema kompyuta za kuchangia, kama zile za maduka ya kuprinti na intaneti kafe, zilikuwa njia mojawapo ya maambukizi.

Kirusi cha flashi hufanyaje kazi

Zamani kirusi kilikuwa na kazi rahisi. Kompyuta za Windows zilikuwa na tabia ya kuendesha programu iliyomo kwenye flashi mara tu inapochomekwa, bila kuuliza. Kirusi cha Conficker, kilichojitokeza Novemba 2008, kilitumia mlango huo pamoja na njia nyingine na kuenea dunia nzima. Windows 7 ilipotoka mwaka 2009 ilikuwa imeufunga kwa upande wa flashi, na Februari 2011 Microsoft ikatoa marekebisho ya kuufunga kwenye matoleo ya zamani.

Wenye kutunga virusi wakabadili mbinu. Kama kompyuta haiendeshi kirusi yenyewe, basi mwenye flashi akiendeshe kwa mkono wake. Ndipo tukapata virusi ambavyo watu huviita vya shotikati.

Kirusi hicho kikiingia kwenye flashi hufanya mambo matatu. Kwanza, huyapa mafaili na folda zako alama ya "fichika" na alama ya "faili la mfumo", ili Windows isiyaonyeshe. Vingine huyahamishia yote kwenye folda isiyo na jina, ambayo jicho haliioni kwa urahisi. Pili, huweka faili lake dogo na kulificha pia. Tatu, hutengeneza shotikati zenye majina yaleyale ya folda zako.

Wewe ukiona "Tasnifu", unabofya mara mbili. Shotikati inaendesha kirusi kwanza, kisha inakufungulia folda yako halisi. Kazi yako unaiona, unaendelea bila wasiwasi, na kompyuta imekwisha kuambukizwa. Kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa humo itapata mgeni.

Ndiyo maana tunasema mafaili yapo. Kirusi cha aina hii hakina faida kuyafuta, kwa sababu kinayatumia kama chambo.

Hakikisha kwanza kama mafaili yapo

Bofya kulia kwenye alama ya flashi, kisha chagua Properties. Tazama nafasi iliyotumika. Kama flashi ya GB 8 inaonyesha GB 3 zimetumika, na wewe ndani unaona shotikati moja tu, basi GB hizo 3 ndiyo mali yako iliyofichwa.

Dalili nyingine ni ukubwa wa kila kitu unachokiona. Shotikati huwa na KB 1 au 2 tu. Folda ya picha za harusi haiwezi kuwa na KB 2.

Mambo manne ya kutofanya

Usibofye shotikati yoyote, hata moja, hata kwa kujaribu.

Usifomati, hata kama kompyuta yenyewe inakuomba ufanye hivyo. Bonyeza Cancel.

Usiongeze faili jipya kwenye flashi hiyo. Kama kuna kitu kilifutika kweli, faili jipya linaweza kukaa juu yake na kukizika moja kwa moja.

Usiichomeke kwenye kompyuta ya pili, ya tatu na ya nne kwa matumaini kwamba huko itafunguka. Hapo unasambaza ugonjwa.

Hatua za kuokoa mafaili kwa kompyuta

Tafuta kompyuta yenye antivirusi inayofanya kazi. Windows 10 na Windows 11 zina Microsoft Defender ndani yake, huna haja ya kununua nyingine. Tumia bando kidogo kuihuisha kwanza, kwa sababu antivirusi isiyohuishwa haivitambui virusi vipya.

Hatua ya kwanza ni kuskani. Chomeka flashi bila kuifungua. Bofya kulia kwenye alama yake na uchague kuiskani kwa Microsoft Defender. Ikikuta kitu na kukuuliza ufanyeje, chagua Quarantine, yaani kukitenga, badala ya kukifuta. Mara chache faili lako halali linaweza kuwa limeambukizwa, na likitengwa unaweza kulirudia baadaye.

Hatua ya pili ni kuyatoa mafaili mafichoni. Watu wengi hushtuka hapa, kwa sababu antivirusi ikishamaliza, shotikati zimeondoka na flashi inaonekana tupu kabisa. Hakuna kilichopotea. Antivirusi imemwondoa mwizi, lakini haijafungua chumba alichowafungia wenye nyumba.

Tazama herufi ya flashi yako kwenye kompyuta. Tuseme ni G. Fungua sehemu ya kutafutia programu, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika hivi, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa G:

attrib -h -r -s /s /d G:\*.*

Bonyeza Enter na usubiri. Alama ya -h inaondoa ufichaji, -s inaondoa alama ya faili la mfumo, na -r inaondoa zuio la kuandika. Sehemu ya /s inaingia hadi folda za ndani, na /d inahusisha folda zenyewe. Amri hii haifuti kitu. Angalia tu usiandike herufi C, maana hiyo ndiyo diski ya kompyuta yenyewe.

Hatua ya tatu ni kuhamisha. Fungua flashi, utaona folda zako zimerudi. Kama zimo ndani ya folda isiyo na jina, ingia humo. Nakili kazi zako kwenye folda mpya ya kompyuta: hati, picha, nyimbo, video. Usinakili faili lolote ambalo jina lake linaishia na .lnk, .vbs, .js, .bat au .exe na wewe hukuliweka. Folda ya System Volume Information ni ya Windows yenyewe, iache ilipo.

Hatua ya nne ni kukagua. Fungua hati chache uone kama zinasomeka. Hati ikikuomba ruhusa ya kuendesha makro na hukumbuki kuziweka, kataa. Zikisomeka, weka nakala nyingine mahali pa pili, kama barua pepe au simu.

Sasa, na si kabla ya hapo, fomati flashi.

Huna kompyuta safi? Jaribu simu

Virusi hivi vimetungwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo haviendeshwi kwenye simu ya Android. Zaidi ya hapo, Android kwa kawaida haijali ile alama ya ufichaji ya Windows. Ukiunganisha flashi kwa kiunganishi cha OTG, kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu, mara nyingi utaona folda zako wazi, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nakili hati zako kwenye simu, na uache shotikati na mafaili usiyoyajua. Siyo kila simu inakubali OTG, na flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa NTFS huenda isisomeke. Kompyuta inayotumia Linux nayo inafaa kwa kazi hii, kwa sababu ileile. Ukifika kwenye kompyuta yenye antivirusi, ziskani hati hizo kabla ya kuzitumia.

Flashi ikidai kufomatiwa au haisomeki

Hapa tatizo linaweza lisiwe kirusi. Flashi iliyochomolewa wakati bado inaandika, au umeme uliokatika katikati ya kunakili, unaweza kuvuruga mpangilio wa mafaili. Vumbi kwenye tundu au pini iliyopinda pia huifanya isisomeke. Jaribu tundu jingine kwanza.

Kama kompyuta inaiona flashi lakini inadai kuifomati, kuna programu za bure za kuchimbua mafaili, kama PhotoRec na Recuva. Kanuni ni moja: yanayochimbuliwa yahifadhiwe kwenye diski nyingine, si kwenye flashi ileile. PhotoRec hurudisha mafaili bila majina yake ya awali, kwa hiyo jiandae kuyafungua moja moja.

Safisha na kompyuta

Flashi iliyosafishwa ikirudi kwenye kompyuta yenye kirusi, kesho utaanza upya. Iskani kompyuta yako nzima. Ndani ya Windows Security kuna pia uskani wa Microsoft Defender Offline, ambao huizima kompyuta na kuiwasha upya ili kuikagua kabla kirusi hakijaamka.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama kazi imekamilika. Chomeka flashi tupu, isubiri dakika moja, kisha ifungue. Ukikuta shotikati au faili usilolijua, kompyuta bado ina ugonjwa.

Kinga

Tumia flashi mbili. Moja ikae nyumbani na kazi zako zote. Nyingine iwe ya safari, na ndani yake weka faili moja tu la kuprinti, tena likiwa PDF. Ikipata kirusi, unaifomati bila majonzi.

Kazi ya kurasa chache itume steshenari kwa barua pepe au WhatsApp. PDF ya barua haili bando kubwa.

Iruhusu Windows ikuonyeshe miisho ya majina ya mafaili. Ukiona "Picha za harusi.exe", utajua si picha.

Kwa wenye steshenari, kompyuta ya kupokea flashi za wateja isiwe ileile mnayotunzia hesabu za duka. Angalieni pia umri wa Windows yenu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 ikafikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 2025.

Na kama utampelekea fundi, mwambie kabla hajaichomeka: "Nataka mafaili yangu kwanza, flashi si hoja." Flashi mpya inapatikana dukani. Tasnifu ya mwaka mzima, au daftari la kaya za kijiji, haiuzwi popote.