Nukta Kumi Chini ya Jina

Mwaka 1970 kiwanda cha visu cha W.R. Case & Sons, mjini Bradford katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kilianza kupiga nukta kumi ndogo chini ya jina lake kwenye visu vyake vya kukunja. Mwaka uliofuata zikawa tisa, kisha nane, hadi 1979 ilipobaki moja. Mwenye kisu mkononi aliweza kujua kilitengenezwa mwaka gani kwa kuhesabu tu.

Wakusanyaji waliupenda utaratibu huo, na bei zikaanza kufuata hesabu. Kisu cha kati ya 1965 na 1969, chenye maneno CASE XX U.S.A. bila nukta, kikatafutwa kuliko cha miaka ya sabini kilichofanana nacho kila kitu. Cha kabla ya hapo, chenye CASE XX peke yake, kikapanda bei zaidi. Kwa mtu asiye mwaminifu, hesabu ni fupi: nukta sita zikiondolewa kwa tupa, kisu cha 1974 kinazeeka ghafla na thamani yake inaongezeka.

Nimeanza na Case kwa sababu mfano huu unasahihisha dhana iliyoenea. Wengi wanadhani kisu bandia lazima kiwe kimetengenezwa upya kuiga cha asili. Katika visu vya zamani vya mfukoni mara nyingi si hivyo. Chuma ni cha kweli, mfupa wa mpini ni wa kweli, springi ni ileile iliyotoka kiwandani. Uongo umeandikwa mahali padogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho: shina la bapa, pale chuma kinapoingia kwenye mpini, ambapo fundi hupiga chapa yake. Chapa ni ushahidi wa mtu ambaye hayupo kujieleza. Ndiyo maana mimi naona kughushi chapa ni jambo zito hata pale kisu chenyewe kinapokata vizuri.

Watengeneza visu wenyewe waliliona hilo zamani. Sheffield, Uingereza, mafundi walipata sheria ya Bunge mwaka 1624 iliyounda Kampuni ya Wafua Visu wa Hallamshire, na moja ya kazi zake kubwa ilikuwa kuandikisha alama ya kila fundi ili mwingine asiiguse. Nyota na msalaba wa Malta, alama iliyokuja kujulikana duniani kwa visu vya Joseph Rodgers & Sons, iliandikishwa humo mwaka 1682. Karne ya 19 ilipofika, jina la mji lenyewe likageuka mali ya kuibiwa. Baadhi ya wenye viwanda wa Solingen, Ujerumani, walipiga neno Sheffield kwenye visu na mikasi yao, na baadhi ya bidhaa hizo zilikuwa za chuma cha kusubu kisichoshika makali. Malalamiko ya Sheffield yalikuwa miongoni mwa yaliyozaa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1887, iliyolazimisha bidhaa ya kigeni yenye alama ya kupotosha ionyeshe ilikotoka. Msomaji wa Tanzania atalitambua jina hilo: sheria yetu ya 1963, ambayo Tume ya Ushindani huitumia leo kukamata bidhaa bandia, inaitwa vivyo hivyo.

Solingen nao walijifunza. Tangu 1938 jina la mji wao linalindwa kwa sheria ya Ujerumani, na kisu kisichotengenezwa eneo hilo hakiruhusiwi kulibeba. Kijiji cha Laguiole, Ufaransa, hakikubahatika hivyo. Jina lake lilikaa bila ulinzi muda mrefu, na kisu chenye nyuki mgongoni kinachoitwa Laguiole kinaweza kuwa cha Thiers, mji wa Ufaransa wenye mafundi wa heshima, au kikawa cha Pakistani au China. Mfaransa mmoja aliliandikisha jina hilo kuwa alama yake ya biashara mwaka 1993, na mwaka 2012, baada ya kushindwa mahakamani, wanakijiji waling'oa kibao cha jina la kijiji chao kwa kupinga. Nawaelewa kabisa.

Turudi kwenye kisu. Tuseme umepewa Case ya namba 6254, ile inayoitwa Trapper, na muuzaji anadai ni ya miaka ya sitini. Anza na namba yenyewe, maana ina habari. Tarakimu ya kwanza inataja mpini: 6 kwa kawaida ni mfupa, 5 ni pembe. Ya pili ni idadi ya mabapa, hapa mawili. Zinazobaki ni za umbo. Ukiona 6254 yenye mpini wa pembe, shuku kwamba mtu ameung'oa mpini wa asili akaweka mwingine, kwa kuwa kisu cha pembe cha umbo hilo kingeandikwa 5254.

Kisha sogeza lenzi kwenye shina la bapa. Chapa ya kiwandani ilipigwa chuma kikiwa bado laini, kabla hakijatiwa moto na kuzimwa kiwe kigumu, kwa hiyo herufi zimezama kwa nguvu moja. Aliyekuja nyuma kupiga chapa juu ya chuma kigumu hupata herufi za juujuu, au analazimika kulainisha chuma kwanza na kuacha alama za moto. Mwingine hutumia asidi, na kitako cha herufi huonekana kimeliwa. Nukta zilizosagwa nazo zina dalili yake. Chuma kilichotoka hakirudi, hivyo eneo la chini ya jina huwa na bonde dogo. Liinamishe bapa dhidi ya mwanga wa dirisha polepole. Uso ulionyooka unapitisha mwanga kwa mstari mmoja, uliosagwa unaukunja. Pima pia unene wa shina pande zote mbili, kisha ulinganishe na bapa la pili la kisu hichohicho.

Usiache pini. Pini inayoshika bapa kichwani mwa mpini ilisagwa na kung'arishwa pamoja na chuma kinachoizunguka mpaka ikapotea machoni. Pini ikitolewa na kisu kikaunganishwa upya, mara nyingi duara jembamba hujitokeza. Duara hilo halithibitishi udanganyifu, kwa sababu kisu kinaweza kuwa kilikarabatiwa kwa nia njema miaka mingi iliyopita. Linathibitisha tu kwamba bapa unalolitazama huenda si la mpini ulioushika, na muuzaji alipaswa kukuambia.

Linganisha na uzee. Bapa lililonolewa hadi likawa jembamba, lakini herufi zake kali kama za jana, halieleweki. Vivyo hivyo mpini uliolainika kwa jasho la mikono ukiwa na bapa lisilo na mkwaruzo. Mfupa ukiuweka chini ya taa ya urujuanimno hutoa mng'ao mweupe wenye ubuluu, ilhali gundi ya kisasa na plastiki nyingi hung'aa tofauti. Mpini wa seluloidi una kipimo chepesi zaidi: usugue kwa kidole gumba mpaka upate joto, uunuse. Harufu ya kafuri ikitoka, ni seluloidi kweli. Ukiambiwa ni seluloidi ya zamani na haitoi harufu yoyote, uliza maswali.

Remington ni somo jingine. Kampuni hiyo ya bunduki ilitengeneza visu vya mfukoni tangu 1920 hadi 1940, na vile vyenye kipande kidogo cha umbo la risasi kwenye mpini ndivyo wakusanyaji wa Marekani wanavyovigombea. Kisu cha kawaida cha Remington kinaweza kutobolewa mpini na kupachikwa risasi, basi kikapanda daraja. Hapo dawa ni kujua orodha ya maumbo yaliyotolewa na risasi kiwandani, maana mghushi mara nyingi huchagua umbo ambalo halikuwahi kuwa nayo.

Visu vya kisasa vina tatizo la aina nyingine. Hapa kisu kizima ni cha kuigiza, pamoja na boksi na karatasi zake. Sebenza ya Chris Reeve, fundi mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Boise, Idaho, mwaka 1989, huuzwa zaidi ya dola 400, na nakala yake hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Bapa la nakala limeandikwa S30V, chuma kilichotoka mwaka 2001, lakini ukilinoa unagundua ulaini wake. Mpini wa titani haushikwi na sumaku, nao ni mwepesi karibu nusu ya chuma, kwa hiyo sumaku na mizani huondoa nakala duni. Hazitoshi kwa nakala nzuri, kwa sababu titani inapatikana kwa yeyote mwenye fedha. Ninachohofia zaidi ni loki. Katika kisu hicho ulimi wa mpini ndio unaolizuia bapa lisijikunje. Ukikatwa vibaya au pembe yake ikikosewa, unateleza ukiwa unasukuma, na bapa linafunga juu ya vidole.

Si haki kuitupia China yote lawama. Yangjiang, mji wa Guangdong unaotengeneza visu vingi mno, ndiko iliko WE Knife, inayopiga jina lake yenyewe kwenye kazi safi. Wala kila kufanana si wizi. Hataza ya uvumbuzi huisha, na loki ambayo kampuni ya visu ya Benchmade iliitumia peke yake leo inatumiwa na wengine kihalali. Alama ya biashara ni jambo tofauti. Tundu la duara kwenye bapa ni alama ya kampuni ya Spyderco, na haliwi la wote kwa sababu tu miaka imepita.

Wakusanyaji wanajibu vipi? Vyama vyao hukataza bandia mezani kwenye maonyesho, na wazoefu huzunguka kukagua. Wanaandika vitabu vya chapa, wanapiga picha za karibu za visu visivyo na shaka, wanarudisha mali na kudai fedha. Yote hayo ni mema. Panapobishaniwa ni hatima ya kisu kilichokwisha kutambuliwa. Wapo wanaokiuza tena kwa bei ya chini wakimwambia mnunuzi wazi kwamba ni bandia. Mimi sikubaliani nao. Maneno hayo hubaki kwa mnunuzi wa kwanza, na akimuuzia wa pili yanapungua, wa tatu ananunua kisu cha 1965. Wengine huvivunja vyote kwa nyundo, nao wanapoteza vifaa bora vya kufundishia, maana mgeni haelewi bonde chini ya jina mpaka aliguse.

Kinachofaa, kwa maoni yangu, ni kuchonga neno la kukikana kwa kina pande zote mbili za shina, mahali ambapo hakuna tupa itakayoliondoa bila kuliharibu bapa, kisha kukiweka kando ya cha kweli ili watu wavishike vyote viwili. Na kwa visu ambavyo shaka haijakatika, daftari. Mkusanyaji akifariki, muuzaji anayefuata ni mjane wake au mtoto wake, asiyejua lolote kuhusu nukta, naye atarudia kwa uaminifu kabisa alichosikia nyumbani. Kila kisu kiandikwe namba yake, kilinunuliwa kwa nani, kwa bei gani, na ni kitu gani hasa kilichotia shaka.