Teleka wa Majabali ya Meru

Wengi wetu tukaao Usa River tumezoea kumwita mbayuwayu kila ndege mwembamba akataye anga kwa kasi, wala hatumtofautishi teleka na wenziwe, ilhali mbayuwayu hupumzika juu ya nyaya za umeme kando ya barabara iendayo Moshi, na teleka hatui kwenye waya wala tawi. Miguu yake ni mifupi mno, na vidole vyake vinne, vyenye kucha kali, vyote vimeelekea mbele: maumbile yanayofaa kung'ang'ania jabali lililosimama wima, si kutembea.

Teleka madoadoa, aliye miongoni mwa wakubwa wa jamaa hii, ana urefu wa takriban sentimita 20, na mbawa zake, zilizopinda kama mundu, zikikunjuliwa hufikia nusu mita. Mwili wake ni wa kahawia iliyokoza, na manyoya ya kifuani na tumboni yana kingo za weupe hafifu, ndiyo maana akipita karibu huonekana ana madoa. Riziki yake yote ni wadudu warukao. Akiwa na makinda huwakusanya wadudu hao kooni, akawafumbata kwa mate wakawa donge moja, ndipo arejee kiotani. Hata maji huyanywa akiruka, akichota kwa mdomo juu ya ziwa. Na vifaa vya kiota, yaani manyoya na majani makavu yapeperushwayo na upepo, huvidaka angani akavigandisha kwa mate ndani ya ufa wa jabali.

Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Mlima Meru uliporomoka, mawe na tope vikamwagika hadi Momella na mbali zaidi, ukabaki ukuta wa takriban mita 1,500 juu ya sakafu ya kasoko. Wapandao mlima hukazana kukifikia kilele. Mimi nauona ukuta ule kuwa ndio fahari kubwa ya Meru, kwa kuwa majabali ya namna hiyo, yenye nyufa asizozifikia mwindaji, ndiyo ayapendayo teleka.

Wataalamu wa Uswisi walidhihirisha mwaka 2013 kwamba ndugu wa teleka madoadoa, teleka mwenye tumbo jeupe anayezaliana pia Mlima Kenya, aweza kukaa angani zaidi ya miezi sita mfululizo. Basi atakaye kuwaona teleka na atazame juu mawingu ya mvua yakusanyikapo, kwani hapo wadudu hushuka, nao huwafuata hadi karibu na mashamba yetu ya kahawa.