Umezipiga picha Pembe za Ndovu, lakini je, umeiona Afrika iliyo kando yake?

JE, ni mara ngapi umepita Moi Avenue, Mombasa, ukapiga picha chini ya zile Pembe za Ndovu, kisha ukadandia tuktuk ukaenda zako? Ukiwa kama vijana wengi, jibu ni “kila nikishuka Pwani.” Basi safari ijayo, tulia kidogo. Kando tu ya pembe hizo kuna bustani ya Uhuru Gardens, na ndani yake kuna chemchemi iliyojengwa kwa umbo la ramani ya Afrika. Watu huipita kila siku bila kuitambua.

Wala si kosa lao. Ukisimama pale ukingoni, unaona ukuta mfupi tu unaopinda huku na huku. Umbo lenyewe hujitokeza vizuri ukitazama kutoka juu. Kwa hivyo fanya hivi: izunguke polepole. Anzia kwenye ncha ya Somalia, teremka na pwani yetu hadi Afrika Kusini, halafu panda upande wa pili mpaka lile tumbo la Afrika Magharibi. Hatua chache tu, umezunguka bara zima bila pasipoti wala viza!

Lakini usije na matumaini ya kurushiwa maji usoni. Chemchemi hii imekaa kavu kwa miaka mingi. Na hapo ndipo kuna jambo la kufikiria.

Zitazame tena zile pembe zinazochora herufi M juu ya barabara. Ziliwekwa mwaka wa 1952 kwa heshima ya ziara ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Mgeni mwenyewe hakufika Mombasa. Babake alifariki Februari 6 mwaka huo, yeye akiwa bado huku Kenya, na ikabidi arudi kwao haraka akiwa Malkia. Meli iliyokuwa imuchukue bandarini Mombasa ilimsubiri bure.

Sasa linganisha. Pembe za mgeni asiyefika hupakwa rangi, zikawa nembo ya mji mzima. Ramani ya bara letu, ndani ya bustani yenye jina la Uhuru, ina kiu. Hilo halikuchomi hata kidogo?

Usiache kwenda kwa sababu hiyo, lakini. Kijana asiye na pesa za hoteli anahitaji mahali pa kuketi kivulini, kupiga gumzo na marafiki au kusoma, bila mhudumu kuja kumuuliza ataagiza nini. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, au baada ya alasiri. Akipita muuza kahawa na dele lake, nunua kikombe na kashata. Simu yako ishike vizuri. Katikati ya mji ni katikati ya mji.

Jioni ikiingia, panda tuktuk hadi Mama Ngina, bustani ya ufuoni iliyokarabatiwa na kuandaa sherehe za Mashujaa Dei mwaka wa 2019. Pale utapata upepo wa bahari, mibuyu mikongwe, mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, na meli kubwa zikiingia Kilindini mbele ya macho yako. Utajionea kwamba mahali pa umma pakitunzwa, watu huja wenyewe.

Kwa hivyo ukirudi nyumbani, usiishie kuweka picha mtandaoni. Kaunti hualika wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, na mara nyingi vijana ndio hukosekana kwenye vikao hivyo. Ukiwa mkazi wa Mombasa, nenda. Simama, uulize swali moja tu: ile Afrika yetu itapata maji lini?