Gobore la Ujiji Mnadani

Silaha za zama za misafara zilizopita Ujiji ni za aina chache: bunduki za kushindilia baruti mdomoni, ambazo watu wa Kigoma huziita magobore, panga na majambia ya Waarabu wa Oman, mikuki, na ngao za ngozi. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, njia ya kutoka Bagamoyo kupitia Tabora ilikuwa tayari inapitisha pembe za ndovu na watumwa kwenda pwani, na baruti na nguo kurudi bara. Miaka ya 1880, mfanyabiashara Rumaliza alipoitawala Ujiji, bunduki zilikuwa zimezagaa kote Ziwa Tanganyika. Wasafiri, wamisionari na maofisa wa kikoloni walizibeba nyingi kwenda Ulaya, na wajukuu wao sasa wanaziuza. Mali za msafiri Stanley mwenyewe zilipigwa mnada na Christie's, London, Septemba 2002.

Jina la Ujiji, kama lile la Livingstone, hupandisha bei, na ndiyo maana hubandikwa ovyo. Mkusanyaji makini huanza na chuma, si na hadithi ya muuzaji.

Kinachoitambulisha bunduki ya kushindilia kwanza ni namna inavyowashwa. Ya mrao huwashwa kwa utambi unaofuka. Ndiyo bunduki ndefu na nyembamba ya Waomani. Ya gumegume ina jiwe linalopiga bamba la chuma na kutupa cheche kwenye kisahani cha baruti. Ya fataki ina nyundo inayogonga kifuko kidogo cha shaba. Kwa kawaida mfuatano huu hutumika kukadiria umri, lakini kwa Afrika unapotosha. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya bara hili, ukaacha mwanya kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Viwanda vya Liège, Ubelgiji, vikaendelea kuzitengeneza kwa soko la Afrika wakati majeshi ya Ulaya yalikuwa yameziacha miaka mingi. Bunduki ya gumegume basi inaweza kuwa changa kuliko ya fataki iliyolala kando yake mezani.

Jibu liko kwenye mihuri. Mtutu ulioidhinishwa Liège tangu 1810 una duara la yai lenye herufi ELG na nyota. Mwaka 1893 taji liliongezwa juu ya duara hilo. Alama hii ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na mara nyingi imejificha karibu na kitako cha mtutu au imefunikwa na kutu. Lenzi na mwanga wa kurunzi ulioinamishwa upande huitoa. Taji likionekana, dai kwamba bunduki hiyo ilikuwapo Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji mwaka 1871 limekwisha. Neno TOWER na taji la Uingereza kwenye mtambo halithibitishi mengi. Wanunuzi wa Afrika waliliamini neno hilo, na watengenezaji wa Liège nao waliligonga kwenye bidhaa zao.

Baada ya mihuri ndipo mbao na ngozi zinapoangaliwa. Tako lililovunjika shingoni lilifungwa kwa ngozi mbichi iliyoshonwa ikiwa na maji. Ilipokauka ilikaza mbao. Matengenezo ya namna hii ni ushahidi mzuri wa maisha ya bunduki barani, na ni kosa kubwa kuyabandua ili silaha ipendeze. Kutu ya kweli ni ya kahawia iliyoiva, imeshikamana, na imeingia hata chini ya skrubu. Kutu ya tindikali ni ya rangi ya machungwa, imeenea sawasawa na huacha unga kidoleni. Magobore ya wawindaji yaliyochongwa karne iliyopita hutambulika kwa mtutu wa bomba la maji, wenye mshono ulionyooka ndani. Hayo nayo yana historia yake, ila si historia ya misafara.

Kabla ya yote hayo, bunduki hukaguliwa kama imeshindiliwa. Mdeki au kijiti huingizwa mtutuni hadi kikome, hutiwa alama mdomoni, kisha hutolewa na kulazwa juu ya mtutu. Ncha yake isipofika usawa wa tundu la moto, kuna kitu ndani. Baruti iliyokaa kavu miaka mia bado inaweza kulipuka.

Panga za Waomani zina mtego wake. Upanga ulionyooka, wenye mpini wa mviringo usio na kinga ya mkono, mara nyingi una bapa lililotoka Ulaya au lililoigizwa alama zake. Mpini na ala ndivyo hueleza ulikofungwa na kuvaliwa.

Kasoro inayoumiza zaidi ni kukosekana kwa maelezo ya asili. Kwa mfano, kofia ya vita ya Kirumi iliyochimbuliwa Crosby Garrett, Uingereza, Mei 2010 iliuzwa Christie's Oktoba mwaka huohuo kwa takriban pauni milioni 2.3. Ilikuwa imeungwa upya kabla wataalamu hawajapata nafasi ya kuichunguza ilivyotoka ardhini, na jumba la makumbusho la Carlisle lilishindwa bei. Sehemu ya maarifa yake haitarudi. Gobore lenye barua ya msafiri, picha ya kale au namba ya orodha ya makumbusho lina thamani zaidi kuliko lililong'arishwa lisilo na karatasi.

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakihesabu kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kuwa kumbukumbu ya kale. Vilivyotengenezwa nchini baada ya hapo kwa matumizi ya jamii huingia kundi la vitu vya utamaduni, isipokuwa vilivyochongwa ili kuuzwa kwa watalii. Vitu vya makundi yote mawili havitoki nchini bila kibali. Bunduki, hata ya kurithi, inahitaji pia leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015.