Gari Juani: Kinga ya Gharama Ndogo

Mtu aliyeliacha gari lake juani mjini Dodoma, mchana wa mwezi wa Novemba, anayajua yatakayomkuta arudipo: usukani haushikiki, na hewa ya ndani humpiga usoni kama ya tanuri lililofunuliwa. Wengi hudhani kwamba joto hilo limeingia kutoka nje. Sivyo, maana hewa ya nje haifikii joto la kiasi hicho. Joto hilo hufanyika ndani ya gari lenyewe.

Mwanga wa jua hupenya kioo kwa urahisi. Unapoangukia dashibodi na viti, ambavyo aghalabu ni vya rangi nyeusi, hugeuka kuwa joto. Vitu hivyo navyo hutoa miale ya joto isiyoonekana kwa macho, ambayo kioo huizuia isitoke. Na hewa iliyopata moto haina pa kupitia, kwa kuwa madirisha yamefungwa. Mwaka 2018 wachunguzi wa Marekani walitangaza vipimo walivyovichukua wakati wa kiangazi katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona. Baada ya saa moja juani, hewa ndani ya magari ilifikia wastani wa nyuzi 47 za Sentigredi, usukani nyuzi 53, na dashibodi nyuzi 69. Katika magari yaliyowekwa kivulini, dashibodi ilifikia nyuzi 48.

Kwa hiyo kinga iliyo bora ni ile inayouzuia mwanga kabla haujafika kwenye kioo. Banda la makuti au mwarobaini wenye matawi mapana hufanya kazi hiyo vizuri kabisa. (Mnazi tusiutaje, nazi moja ikianguka hugharimu boneti.) Mwenye kuegesha kutwa nzima na achague upande wa mashariki wa mti au jengo, kwa sababu kivuli huhamia huko alasiri, wakati joto ni kali. Tena, kuanzia Aprili hadi Agosti jua la adhuhuri hukaa upande wetu wa kaskazini. Hapo inafaa kioo cha mbele kielekee kusini.

Pasipo na kivuli, chukua kadibodi ya sanduku la dukani, uikate kwa kipimo cha kioo cha mbele, kisha uibandike karatasi ya foili, ile ya kufunikia vyakula. Upande unaong'aa uelekee nje ili urudishe mwanga ulikotoka kabla haujawa joto. Usukani ufunikwe kwa kitambaa cheupe.

Kadibodi hiyo hiyo ina kazi nyingine kwa wakazi wa Makete na Njombe. Katika usiku mkavu wa Juni na Julai, kioo hupoteza joto lake kuelekea anga tupu hadi kufunikwa na sakitu, yaani barafu nyembamba. Kikifunikwa kwa nje tangu jioni, asubuhi huwa safi. Maji ya moto yasimwagwe kamwe juu ya kioo chenye barafu, kwani huweza kukipasua.

Lipo jambo moja ambalo kadibodi haiwezi kulitatua. Wapo wazazi wanaomwacha mtoto garini "dakika chache tu", wakishusha kioo kidogo ili apate hewa. Majaribio yaliyotangazwa Marekani mwaka 2005 yalionyesha kwamba kushusha kioo kidogo hakukupunguza sana joto, na kwamba sehemu kubwa ya ongezeko la joto hutokea katika nusu saa ya kwanza. Mwili wa mtoto nao hupata joto upesi zaidi kuliko wa mtu mzima. Wale wachunguzi wa Tempe walikokotoa kwamba mtoto wa miaka 2 angefikia joto la mwili la hatari kwa muda wa saa moja hivi katika gari lililoko juani. Katika gari lililoko kivulini, angelifikia kwa muda unaopungua saa mbili kidogo.